Kilio Kilichozibwa kwa Nyonyo

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyumba ya Rwegasira kule Buhembe, Bukoba, ilikuwa nyumba ya kutamanika. Migomba ya nyuma ilikuwa imetulia. Barazani Evelyne, mke wake, alikuwa anamsuka jirani yao Maulida, na pembeni yao, juu ya mkeka, mtoto wao Joackim alikuwa anapanga vizibo vya soda kimya kimya. Mdomoni alikuwa na nyonyo, ile chuchu ya mpira yenye kishikio cha plastiki wanayopewa watoto ili wasilie. Yake ilikuwa ya bluu, na ilikuwa imeshachakaa kwa kung'atwa.

"Mtoto wako hana shida kabisa," alisema Maulida. "Wangu walikuwa wananililia mpaka nasahau jina langu."

Evelyne alitabasamu akaendelea kusuka. Sifa hiyo alikuwa ameizoea, na aliipenda. Ndugu zangu, ni nani kati yetu asiyefurahi kusifiwa mtoto wake?

Nyonyo iliingia katika nyumba ile wakati Joackim bado mchanga. Evelyne alikuwa amerudi kazini kwenye saluni yake karibu na soko la Bukoba, akawa anakwenda na mtoto mgongoni. Wateja wanataka kupumzika wanaposukwa, na mtoto anayelia huwakimbiza. Rafiki yake Lilian, aliyekuwa anafanya kazi naye, ndiye aliyemletea nyonyo ya kwanza, kwa nia njema kabisa. Mtoto akainyonya, akanyamaza, na Evelyne akafanya kazi. Hapo hakukuwa na kosa.

Kosa liliingia taratibu. Kwanza nyonyo ilikuwa ya saluni tu. Baadaye ikawa ya kanisani, kisha ya kwenye basi, kisha ya nyumbani mchana kutwa. Joackim akianguka, nyonyo. Akiwa na njaa na chakula bado kiko jikoni, nyonyo. Akinyoosha mkono kuonyesha kitu na kuanza kutoa sauti, kabla hajaimaliza sauti yenyewe, mkono wa mtu mzima ulikuwa umeshafika mdomoni mwake. Alikuwa amepita miaka miwili sasa, na nyumba nzima ilijua dawa moja tu ya kila kilio chake.

Jioni ya Jumamosi hiyo alifika mgeni. Alikuwa Ma Kokugonza, mama yake Rwegasira, kutoka Kishanda, wilayani Muleba, akiwa na mkungu wa ndizi na mjukuu wake mwingine, Jovina, mtoto wa binti yake. Evelyne alipiga magoti akamsalimia mama mkwe wake kwa heshima. Jovina alikuwa rika moja na Joackim, lakini hakumaliza hata kuvua viatu kabla ya kuuliza kuku wako wapi, na choo kiko wapi, na kwa nini mbwa wa jirani amefungwa.

Ma Kokugonza alikaa, akamtazama mjukuu wake mwenye nyonyo. "Joackim, ija hanu," alimwita aje karibu.

Joackim hakugeuka. Aliendelea na vizibo vyake.

"Joackim."

Kimya. Bibi aliinuka, akamwendea, akaichomoa nyonyo. Mtoto alipiga yowe lililomtoa Rwegasira chumbani.

"Huyu mtoto anasema maneno gani?" bibi aliuliza huku yowe linaendelea.

"Anasema 'mama'," Evelyne alijibu. "Anasema 'tata' akimwita baba yake. Na... anaonyesha kwa kidole, mama. Anaelewa."

Ma Kokugonza alimtazama Jovina, kisha akamtazama Joackim. Evelyne alihisi moto usoni. Alichukua nyonyo, akaifuta kwenye kanga, akairudisha mdomoni mwa mtoto. Nyumba ikanyamaza.

"Kitu hiki kitupwe chooni leo," alisema bibi. "Atalia, atachoka, atanyamaza. Sisi tuliwalea bila mipira."

Tangu siku hiyo Evelyne hakupata tena utulivu. Maulida aliposikia habari alipinga. "Usimnyang'anye ghafla, ataugua. Paka shubiri kwenye ile chuchu. Akionja uchungu ataitema mwenyewe." Lilian naye, wakiwa kazini saluni, alikuwa na jipya. "Shubiri ni mambo ya zamani. Nimeona kwenye simu, unakata ncha yake kidogo kidogo kwa mkasi mpaka inapoteza utamu." Mumewe hakutaka lolote kati ya hayo. "Mwache mtoto," Rwegasira alisema. "Akikua ataiacha. Umewahi kumwona mtu mzima anaingia ofisini na nyonyo?"

Evelyne alicheka, lakini moyoni hakujua amfuate nani. Kila mmoja aliongea kama mtu mwenye uhakika. Akimwachia mtoto nyonyo, ni mama mzembe. Akimnyang'anya, ni mama katili. Basi akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya tukiwa tumechanganyikiwa: alifanya yote.

Alianza na shubiri. Joackim alionja, akakunja uso, akajifuta mdomo kwa mkono, na mkono uleule akajifikicha macho. Walimwosha macho kwa maji huku analia, na ili anyamaze walimpa nyonyo nyingine iliyo safi. Kesho yake Evelyne akaificha kwenye kabati la saluni, lakini mteja mmoja saluni alipolalamikia kelele, akaitoa. Halafu akachukua mkasi akakata ncha, kama alivyoshauriwa. Joackim aliitazama ile nyonyo iliyokatwa kwa mshangao, akaing'ata pembeni. Baadaye Evelyne alimwona anatafuna kitu wakati hakuwa amempa chakula. Alimfungua kinywa na kukuta kipande cha mpira juu ya ulimi, karibu na koo.

Alikaa chini na kile kipande kiganjani.

"Leo imekwisha," alimwambia mumewe jioni ile. "Hakuna nyonyo tena katika nyumba hii."

"Sawa," alisema Rwegasira.

Asubuhi mtoto alikuwa kimya barazani, anatazama kuku. Evelyne alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Akamsogelea ampongeze. Mdomoni mwa Joackim mlikuwa na nyonyo mpya ya kijani.

"Nilimhurumia," Rwegasira alisema aliposhikwa. "Nilikuwa nayo mfukoni. Alikuwa analia, mke wangu, unataka nifanye nini?"

Evelyne alitaka kumgombeza. Lakini, wazazi wenzangu, niseme ukweli wote: ndani ya hasira yake mlikuwa na nafuu pia, kwa kuwa nyumba ilikuwa imetulia. Aliwachukia wote wawili kwa muda mfupi, mume wake na yeye mwenyewe, kisha akaenda kuosha vyombo.

Mtoto naye alichanganyikiwa. Kitu kile kile jana kilikuwa kichungu, leo kitamu. Asubuhi ni mwiko, mchana ni ruhusa. Mama anakataa, baba anatoa. Akawa anaishika kwa mikono miwili hata anapolala, kama mtu anayejua kwamba ataibiwa.

Kisha yakaanza mambo mengine. Alipata mafua yasiyokwisha. Alishika sikio la kushoto na kulivuta. Alikuwa analia ghafla katikati ya mchezo, bila kuguswa na mtu. Mwili ulipata joto, ukapoa, ukapata joto tena.

"Ni nyonyo hiyo," alisema Maulida. "Mnamchezea. Mpeni mtoto kitu chake apate amani."

Evelyne alikubali, kwa sababu mtoto akipewa nyonyo alinyamaza. Akinyamaza, yeye alidhani amepona. Hakujua kama mtoto anaumwa kwa kunyimwa nyonyo au kwa kupewa. Alikuwa akimtazama na kujiuliza, na akiwaza upande mmoja, upande wa pili unamvuta. Hospitali hakwenda. Angekwenda kusema nini? Kwamba mtoto analia?

Walikuwa katika hali hiyo walipoitwa Kishanda kwa misa ya kumbukumbu ya marehemu baba yake Rwegasira. Ukoo mzima ulikusanyika. Wanawake walikuwa jikoni nje wakimenya ndizi, wanaume wakisimamisha turubai, na watoto wakicheza uwanjani, ambako kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka. Joackim, na nyonyo yake ya kijani mdomoni, alikuwa amejitenga. Alikaa chini peke yake pembeni ya njia inayoingia kwenye boma, mgongo wake kwa njia, akichota buni na kuzimimina kwenye kikombe.

Binamu yake Rwegasira, Lwakatare, alikuwa ametoka kuleta viti kwa pikapu. Alipomaliza kushusha, aliingia garini akaanza kurudi nyuma ili atoke. Kwenye kioo hakumwona mtoto mfupi aliyekaa chini.

"Joackim, ondoka hapo," mtu mmoja aliita.

Mtoto alimimina buni kwenye kikombe.

"Joackim!" Sasa waliita wengi pamoja. Lwakatare alipiga honi, akidhani wanawaambia watoto wapishe gari. Jovina na watoto wengine walikimbia kando. Joackim hakugeuza hata shingo. Rwegasira, aliyekuwa mbali akishika kamba ya turubai, alifoka, "Ona ukaidi wa mtoto huyu," na neno lilikuwa bado mdomoni mwake alipomwona Evelyne anaruka juu ya mikeka ya kahawa, kisu cha kumenyea bado mkononi.

Alikitupa kile kisu, akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja, akaanguka naye kwenye migomba. Pikapu ilisimama. Gurudumu lilikuwa limeshakiponda kile kikombe cha plastiki, na buni zimetapakaa.

Joackim alishtuka pale tu mama yake alipomgusa. Hapo ndipo macho yake yalipopanuka, na ndipo alipoliona gari.

Watu walijaa. Lwakatare alishuka, akakaa chini penye vumbi. Ma Kokugonza alifika na hasira ya mtu aliyeogopa sana. "Mtoto mkaidi huyu. Mmemdekeza mpaka hasikii la mtu."

Evelyne alikuwa bado amemkumbatia mwanawe. Aliyarudia maneno yale polepole, kama anayasikia upya. "Hasikii," alisema. "Mama, hasikii."

Alimweka mtoto chini, akampa jani la mgomba alichezee, akasogea nyuma yake. Akamwita kwa sauti ya kawaida. Hakuna kitu. Akapiga makofi. Hakuna kitu. Akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akapiga kwa nguvu, na hapo Joackim akageuza kichwa kidogo, kwa upande wa kulia, akitafuta sauti inatoka wapi. Ma Kokugonza alikaa kwenye kigoda, akafunika mdomo kwa kanga yake.

Evelyne alikumbuka ile Jumamosi Joackim alipoitwa na bibi yake akabaki na vizibo. Alikumbuka mara ngapi alimwita nyumbani, akamwona hageuki, akasema ana raha zake. Aliona kwamba alikuwa amemtazama mtoto huyu kila siku na hakumwona.

Siku iliyofuata wao wawili, Evelyne na Rwegasira, walipanda basi na mtoto mpaka Muleba mjini, wakaingia hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeongea bila haraka. Alimpima Joackim joto, akamwangalia kinywani, ambamo meno ya mbele yalikuwa yameanza kusukumwa nje, kisha akamulika masikio yake, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu.

"Amekuwa akishika sikio hili kwa muda gani?"

"Muda," alijibu Evelyne. "Nilidhani anadai nyonyo."

"Mkampa?"

"Tulimpa."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Daktari alizima taa yake ndogo. Aliwaeleza kwamba sikio la kushoto lina usaha ndani, na kwamba masikio yote mawili yamejaa maji nyuma ya ngoma ya sikio, ndiyo maana mtoto anasikia kama mtu aliyezama. Maneno yanamfikia nusu nusu, na mtoto asiyesikia maneno atayajifunza vipi?

"Ni nyonyo iliyofanya hivi?" Rwegasira aliuliza.

"Siwezi kusema ni nyonyo peke yake. Mafua nayo huleta. Lakini mtoto mkubwa anayenyonya mchana kutwa masikio yake hupata taabu kuliko wengine, na meno yake nayo mmeyaona. Kuna jambo jingine, na hili naomba mlisikilize vizuri. Mtoto huyu alikuwa anawaambia anaumwa. Hana maneno, ana kilio. Kila alipowaambia, mlimziba."

Rwegasira aliinamisha kichwa. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa nyonyo nyingine, ya akiba, akaiweka juu ya meza ya daktari.

Evelyne ndiye aliyelia. "Daktari, mimi nimechanganyikiwa. Mmoja ananiambia tupa, mwingine paka shubiri, mwingine kata, mwingine acha. Nimefanya yote. Niambie la kufanya nami nitalifanya."

"Usikate tena hata siku moja. Kipande kikimwingia kooni, hutaweza kukitoa. Usipake kitu kichungu, wala sukari, wala asali. Wala msimnyang'anye leo, maana ana maumivu. Tibuni sikio kwanza. Akishapata nafuu, nyonyo iwe ya kulalia tu. Akiamka, inawekwa mahali asipoiona. Akilia, msikimbilie mdomo wake. Mkague: ana njaa, amelowa, anaumwa, ana usingizi, au anataka kubebwa? Akizoea hivyo, mnamwondolea na ile ya kulalia. Na jambo kubwa, nyumba nzima ifuate kitu kimoja. Mama, baba, bibi, jirani. Mtoto hawezi kujifunza sheria inayobadilika kila anapomkuta mtu mwingine."

Aliwaandikia dawa, akawaelekeza kwa mtaalamu wa masikio Bukoba.

Dawa zilimaliza joto mapema, lakini kazi yenyewe haikuwa nyepesi, nisiwadanganye. Ilipofika zamu ya kuacha nyonyo mchana, Joackim alijitupa chini, akapiga mateke ukuta. Evelyne alikaa naye palepale sakafuni. Alimpa maji, akayakataa. Akampa kipande laini cha kitenge, akakitupa. Akambeba, akatulia kidogo, akaanza tena. Rwegasira alikuwa anapita pita mlangoni, mkono wake unashuka wenyewe mfukoni na kukuta hamna kitu. Mwishowe alimchukua mtoto begani, wakaingia migombani, na huko akawa anamtajia kila kitu wanachokikuta, akisogeza mdomo karibu na lile sikio la kulia lenye nafuu. Waliporudi mtoto alikuwa amechoka, na baba pia.

Maulida aliambiwa utaratibu, akashika. Lilian aliambiwa, akaomba radhi kwa habari ya mkasi. Ma Kokugonza alipigiwa simu, akanung'unika kwamba enzi zake mambo yalikuwa mafupi, lakini alipokuja kukaa nao alikuwa wa kwanza kumkatalia Rwegasira alipotaka kulegea. "Tumekubaliana, waitu," alimwambia, kwa lile neno la Kihaya la kumwita mtu wa nyumbani. "Kaa chini."

Wateja wengine walihama saluni kwa sababu ya kelele. Evelyne aliwaacha waende. Ilipofika siku ya kuiondoa na ile ya kulalia, Joackim alilia, akashikwa mkono, akalia tena kidogo, akalala na kile kitenge alichokuwa amekikataa.

Miezi ilipita. Maji ya masikio yalipungua, kwanza upande wa kulia. Maneno yalianza kuja, mengine yamepinda, mengine nusu Kihaya nusu Kiswahili. Kisha siku moja saluni, mteja amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, Joackim alisimama mlangoni, akaweka viganja masikioni, akakunja uso.

"Mama, zima. Kelele."

Evelyne alisimama na kitana mkononi. Mteja alikuwa bado ana maji kichwani, lakini Evelyne alizima mashine. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamwomba aseme tena, naye akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kweli. Yule mteja hakuelewa kwa nini msusi wake anafuta machozi.

Sikio la kushoto bado wanalipeleka kukaguliwa. Linasikia, ila si sawasawa na lile jingine, na mtaalamu hajawaahidi kwamba litakuwa sawa. Hilo ndilo lililobaki, na Evelyne analibeba.

FUNZO

Ndugu zangu wa Buhembe, wa Kishanda na popote mlipo, simulizi hii haikuja kuwaambia kwamba nyonyo ni sumu. Mtoto mchanga anaweza kupata utulivu kwayo, na mama anayefanya kazi anahitaji kupumua. Lakini kitu cha kumtuliza mtoto kisigeuke kitu cha kutupumzisha sisi tusimsikilize. Ipunguzeni mapema kabla mtoto hajafika umri wa kuongea na kuitegemea. Ipunguzeni kwa hatua, kwa upole, bila mkasi na bila vitu vichungu, na nyumba nzima iwe na kauli moja. Ukichanganyikiwa na ushauri wa watu, nenda kwa mtaalamu wa afya ukaulize; hata kama jambo lenyewe ni dogo kiasi cha "mtoto analia", hilo linatosha kukupeleka. Na kabla hujanyoosha mkono kumziba mtoto mdomo, mpe muda kidogo amalize kulia, maana huenda anakueleza jambo ambalo hakuna mwingine nyumbani anayelijua.